Kesi ya Mama Imeanza Upya

Leo tumepokonywa kesi ambayo tulikuwa tumeshaishinda.

Mnamkumbuka yule mzee aliyemgonga mama kwa gari hapa mtaani kwetu Alief, ughaibuni? Mkono wa kulia wa mama hauinuki hadi leo. Tulimshtaki, hakujibu, muda wa kujibu ukaisha, jaji akatupatia ushindi.

Basi leo mzee amekuja kortini kuomba asamehewe kuchelewa. Mimi nimetoka shifti moja kwa moja, macho yananiwasha, nasema moyoni: aende zake huko!

Jaji akamuuliza, "Mbona hukujibu?"

"Mke wangu alikuwa anafariki. Sikufungua barua yoyote."

Jaji akamsamehe. Tunaanza upya.

Nikatoka nimenuna. Kugeuka, mama hayuko nyuma yangu. Yuko na yule mzee, amemshika bega kwa ule mkono mzima, anampa pole kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

Ndani ya gari nikamuuliza, "Mama, si huyu ndiye aliyekuumiza?"

"Ndiye, na kesi tutaendelea nayo. Lakini baba yako alipokufa, mimi hata kula nilikuwa nakumbushwa."

Nikawasha gari, tukaenda nyumbani.

Jamani, nimechoka. Nyinyi mngemjibu mama nini?