Zipu za Nachingwea

Imetangazwa rasmi, mbele ya wananchi, turubai na spika mbili, kwamba katika kata hii, kwa miezi mitatu mfululizo, hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi aliyeandikishwa kwa ugonjwa wa kuharisha. Tamko lilisomwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza spika moja ilikoroma. Wananchi walipiga makofi mara zote mbili.

Saada naye alipiga. Mgongoni mwake, ndani ya mbeleko, mwanawe Mikidadi wa miezi mitatu alikuwa amechafua nepi ya nne tangu asubuhi.

Saada ni fundi cherehani, upande huu wa Ruangwa. Anashona sare za shule, na mishono yake haifumuki. Hilo hata maadui wake wanakiri. Kijiji kizima kinajua pia kwamba hanunui zipu Ruangwa. Kila mwezi anapanda gari kwenda kuzinunua Nachingwea, kwa madai kwamba za huko hazing'oki meno. Ukweli ni kwamba alipopimwa akiwa mjamzito alikutwa na virusi, na dawa zake anachukulia Nachingwea, ambako hakuna anayemjua. Mume wake, Jamali, anajua. Wengine wanajua habari ya zipu.

Muuguzi alikuwa amemwambia maneno mepesi: meza dawa kila siku, mpe mtoto dawa yake ya matone, mnyonyeshe maziwa yako tu hadi miezi sita. Maji, hapana. Uji, hapana. Jamali alikuwepo kliniki, akaitikia kwa kichwa kila neno, akasifiwa kuwa baba wa mfano.

Tatizo ni kwamba kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Jamali, aliyehamia ukweni, alikuwa na kauli juu ya baiskeli yake tu. Mjomba, kaka wa mama yake Saada, ni Mzee Hemedy, mkulima wa korosho na ufuta, mtu wa maneno machache yasiyorudiwa. Wiki tatu kabla ya ule mkutano alipita, akamsikia mtoto akilia, akasema, "Huyu ana njaa. Maziwa ya mama yake mepesi. Mpeni uji." Akaenda zake.

Bibie, mama yake Saada, akabandika sufuria siku hiyohiyo. Unga wa muhogo, maji ya kisima cha bondeni.

"Mama, bado mdogo," Saada alisema.

"Wewe ulikunywa una mwezi mmoja. Umekufa?"

"Kliniki wamekataza."

"Kliniki ndiyo mjomba wako?"

Hapo palibaki sababu moja tu ya kutoa, na sababu hiyo ilikuwa haitajiki. Saada akarudi kwenye cherehani. Mtoto akanywa uji. Siku ya tatu akaanza kuharisha, akapona, akaanza tena.

Kesho yake baada ya mkutano, Mikidadi alilia bila machozi. Saada hakuaga. Zahanati ya kijiji iko hatua mia mbili kutoka kwao; aliipita akielekea stendi.

Nesi Agape wa Nachingwea alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaitazama ikichelewa kurudi mahali pake.

"Anapewa nini huyu?"

"Maziwa."

"Na nini kingine?"

"Uji."

"Nani kaamuru?"

"Mjomba wangu."

"Basi kamlete huyo mjomba wako nimwoneshe haya macho yalivyozama!"

Saada aligeuka aweke kanga yake kwenye benchi. Kwenye benchi la watu wanaosubiri dawa za virusi, karibu na mlango, alikaa Mzee Hemedy. Mkononi alishika kopo la ugoro, ingawa hajawahi kunusa ugoro maishani. Ndani yake hufungasha vidonge vyake kwa pamba ili visilie akitembea.

Walitazamana. Mazoea yakawahi kabla ya akili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimekuja kuangalia bei ya ufuta."

"Mimi zipu."

Ilikuwa Januari. Ufuta wenyewe ndio kwanza unapandwa.

"Hapa hatuuzi ufuta wala zipu," Nesi Agape alisema. "Mama, kaa. Kuna mtu wa kukushikia kikombe?"

Mzee Hemedy alisimama, akasogea karibu nao. Nesi akakoroga chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, akampa kikombe na kijiko, akamweleza kama anavyomweleza kila mtu: utumbo wa mtoto mchanga ni laini, uji na maji ya kisima vinauchubua, mama mwenye virusi akichanganya uji na maziwa, kirusi kinaweza kupitia hapohapo palipochubuka.

"Aliyeamuru uji alidhani nini?" aliuliza.

"Alidhani ana njaa," Mzee Hemedy alijibu. Akamlisha mtoto kijiko cha kwanza. "Ni mimi."

Nesi alikwenda kutafuta vidonge vya zinki.

Kijiko kimoja, kungoja, kijiko kingine. Mchana wote mzee hakumpa mtu kile kikombe. Saa tisa Mikidadi alimkojolea suruali. Nesi Agape alipoona ule unyevu alisema "Alhamdulillahi," ingawa yeye ni Mlutheri. Mtoto anayekojoa, maji yamerudi mwilini.

Jioni, mjomba alisimama uani kwa Bibie.

"Uji basi. Hadi miezi sita."

"Juzijuzi si ulisema apewe?"

"Nilisema. Na leo nimesema."

Bibie akamwaga sufuria. Hakuuliza sababu, mjomba haulizwi. Saada alisikia akiwa mlangoni. Jambo aliloogopa kufa nalo, au kumzika mwanawe kwa sababu yake, lilikwisha kwa maneno matano, na hakuna hata moja lililotaja ukweli wenyewe.

Hawajalizungumza tangu siku hiyo. Kuhara kumekoma, kipimo cha mtoto hadi sasa hakijaonesha maambukizi, na kila mwezi mjomba na mpwa wanapanda gari moja, viti tofauti.

Safari iliyofuata Nesi Agape alikuwa anajaza upya daftari.

"Kijiji?"

"Nalumbi," alisema Saada, akitaja cha hapo Nachingwea.

"Nalumbi," alisema Mzee Hemedy nyuma yake.

Nesi aliandika. Nalumbi ina nyumba thelathini na mbili. Katika daftari lake ina akina mama wenye virusi wanaonyonyesha mia moja na kumi.