Raba za Bluu za Kupandia Gombe

Kisigino changu cha kushoto kilianza kuuma wakati wa palizi, tulipokuwa tunakwenda shambani Simbo, na mpaka kikundi chetu kinapanga likizo kilikuwa bado kinauma. Asubuhi ndiyo mbaya. Nikishuka kitandani ni kama nimekanyaga kichwa cha msumari. Nikizunguka uani kidogo kinalegea, nikisimama sana kinarudi. Mume wangu anasema naeleza kupita kiasi, na pengine ni kweli, kwa sababu yeye mgongo unamuuma miaka yote na majirani hawajui.

Kikundi ni cha akina mama wa mtaa wetu hapa Katubuka. Tunasaidiana misiba na harusi, Waislamu na Wakristo pamoja, na tukitoka tunatoka na sare. Mwenyekiti wetu ni mtumishi wa serikali, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku, mdogo kwangu kwa umri lakini mkubwa kwa sauti. Mwaka huu alipopata likizo akasema hasafiri kwenda kwao. Amekaa Kigoma miaka na hajaona sokwe, ndugu zake wanamcheka. Basi tukapanga siku tatu za kutembea: ya kwanza Ujiji, mtaa kwa mtaa mpaka ziwani, ya pili Katonga, ya tatu Gombe, kwa boti, halafu kupanda mlima kuwatafuta sokwe wenyewe.

Mimi nilitaka hiyo ya tatu. Ujiji na Katonga nimezaliwa nazo. Lakini nimekuwa jirani wa sokwe maisha yangu yote na sijawaona. Tena kulikuwa na jambo la sikukuu iliyopita. Wenzangu walipanda kilima kupiga picha, mimi kwa ajili ya mguu nikabaki chini na vikapu. Waliporudi walikuwa na vichekesho vyao ambavyo sikuvielewa, wakavicheka wiki nzima. Hakuna aliyenitenga, niseme ukweli. Walinibakishia na soda. Ila nilijiambia mara hii napanda.

Nikaenda zahanati. Muuguzi alibonyeza kisigino mpaka nikamshika bega.

"Unavaa nini nyumbani, mama?"

"Kandambili."

"Na sokoni?"

"Kandambili."

"Na kanisani?"

Nikavuta miguu chini ya benchi. Akacheka, akaniambia nitafute kiatu kinachoshika kisigino nyuma kwa nguvu, chenye soli nene, na ndani pawe na mwinuko pale katikati ya unyayo. Nikikikunja kikunjike kwenye vidole, siyo katikati kama chapati. Na nijaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kazi za mchana. Yote hayo niliyashika kichwani vizuri. Sikuwa mtu wa kusema sikuambiwa.

Kikao kilikaa kwa Mwenyekiti. Alikuwa ameshaleta mfano: sendo bapa, nyembamba, zina kidude cha dhahabu juu, za kuvaliwa na kitenge cha bluu. Wote wakazipenda. Hata mimi, kwa macho, nilizipenda. Nikaomba ruhusa ya kuvaa raba.

"Raba na kitenge?" akasema Mwenyekiti. "Dada, kwenye picha utaonekana mlinzi wa benki."

"Mlinzi ana buti," akadakia mmoja. "Huyu atakuwa mwalimu wa michezo."

"Mwalimu wa michezo kwa umri huu? Labda wa bao!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa nimekasirika. Nikawaeleza habari ya kisigino, muuguzi, na mwinuko. Nadhani nilieleza sana, maana wawili walianza kuongea mambo yao. Mwisho Mwenyekiti akapiga kofi mezani.

"Haya, vaa raba. Lakini iwe ya bluu. Sare ni sare."

Nikashukuru. Niliona ni haki. Kikundi kimenipa nafasi, na mimi nikipe kikundi rangi. Hapo ndipo nilipojifunga, ila wakati ule nilitoka nikiwa nimeshinda.

Soko la viatu vya mitumba nililokwenda ni la Ujiji. Nilikwenda asubuhi, kwa sababu jioni kuna mboga na maji na wajukuu, kwa hiyo neno moja la muuguzi likawa limeshaanguka. Nilizunguka mpaka jua likanikalia utosini. Kiatu kikiwa kigumu nyuma, rangi yake ya waridi. Kikiwa cha bluu, kinakunjika katikati kama alivyosema yule, chapati kabisa. Kingine cha bluu kilikuwa kizuri, namba ya mtoto. Kingine kilikuwa cha bluu, kikubwa, kigumu, na ndani kimeoza. Wauzaji walianza kunijua. Nikipita mara ya pili wanaitana, "Mama wa bluu huyo!"

Mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, alinisalimia "Mwakeye" kwa Kiha, akanikalisha kwenye kigoda. Huyu sina la kumlaumu, na nimejaribu. Alisikiliza habari yote, akatoa raba za kijivu. Nikavaa zote mbili, nikatembea mpaka kwa muuza nyanya na kurudi. Zilinishika kisigino kama mkono wa mtu. Pale katikati pakainuka pakanibeba. Sikuwahi kuvaa kitu kama kile.

"Hizo ndizo zako, mama," akasema.

"Ni za kijivu."

"Mguu nao una macho?"

"Kikundi kimesema bluu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua na nguo ziko nje. Kisha akanyanyua mkono akatungua raba moja ya bluu iliyoning'inia juu. Mguu wa kulia. Viatu hivi wanaanika mguu mmoja tu, wa pili unakaa kwenye gunia nyuma, mtu asije akavivaa akapotea navyo. Nikaujaribu. Ulikuwa mgumu nyuma, soli nene, mwinuko upo, haukuzidi ule wa kijivu lakini upo. Moyo ukanituma kuamini. Akaingia nyuma akatoka na wa kushoto, nikatazama namba, ni ile ile, nikasema funga.

Mguu wangu mbovu ni wa kushoto. Nilijaribu kiatu kwenye mguu mzima. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi nikitafuta wa kumtupia, na sijapata. Mtu wa kofia hakunificha. Alikuwa ameshika wa kushoto mkononi, ningesema nipe ningepewa.

Siku ya Ujiji niliumia kidogo, nikasema ni upya wa kiatu. Siku ya Katonga, kwenye ule mteremko wa kwenda mialoni, wavuvi wanakoshushia samaki, mguu wa kushoto ulianza kulalia ndani. Nilikuwa naukanyaga sawa, wenyewe unainama. Wenzangu wanachagua migebuka, mimi nimekaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, nimevua raba naitazama. Nikaiweka juu ya ubao uliolala sawa. Ikainama. Aliyeivaa kabla yangu, popote alipo, alikuwa anakanyagia upande wa ndani. Alikuwa ameila soli upande huo na kuulaza ule mwinuko mpaka ukawa bapa. Kulia alikwenda vizuri, kushoto alikwenda vibaya, na miaka yake yote ya kwenda vibaya nilikuwa nimeinunua mimi, nimeifua na kuianika.

Jioni ile nilikata kipande cha kanga kuukuu nikakikunja, nikakipachika ndani pale katikati. Mume wangu akaniuliza kwa nini nisivae sendo kama wenzangu. Nikamwambia sendo ni bapa. Akasema, "Na hiyo?" Kwenda Ujiji kubadilisha haikuwezekana tena, boti ilikuwa inaondoka Kibirizi alfajiri.

Kwenye boti Mwenyekiti alituimbisha. Kitenge cha bluu, sendo za dhahabu, raba zangu za bluu. Akasema, "Mmeona dada alivyopendeza? Imeingia kabisa!" Nikafurahi, sitadanganya. Ukiwa umekaa, kila kiatu ni kizuri.

Gombe tulipewa waongozaji wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Njia inaanza taratibu kando ya kijito, halafu inasimama kama ngazi, mizizi na mawe. Kile kipande cha kanga kilinisaidia kwa muda. Kisha kikajikunja kikasogea mbele kwenye vidole, mguu ukarudi kulala. Nikasimama kukiweka sawa. Nikasimama tena. Mara ya tatu kisigino kilinichoma mpaka nikashika mti.

Wenzangu walikuwa juu yangu, naona nyayo zao zikipanda. Nataka niandike haki hapa: zile sendo nilizozikataa kwenye kikao zilipanda. Zilipanda vizuri tu. Moja iliteleza kwenye jiwe, mwenyewe akacheka akaendelea. Miguu yao haina neno, na mguu usio na neno unapanda na chochote.

Ndipo sokwe wakapiga kelele. Walikuwa juu, siyo mbali, sauti inaanza chini inapanda, inajibiwa na nyingine upande wa pili. Nywele zilinisimama. Mwongozaji wa mbele akasema wanahama, tukichelewa watavuka bonde, hatutawapata.

Mwenyekiti akashuka mpaka nilipo, kitenge kakishika kwa mkono mmoja.

"Nini tena, dada?"

"Kiatu."

"Si ndiyo raba za muuguzi hizo?"

"Siyo hizi alizosema. Zilikuwepo zenyewe, zilinikaa kabisa. Za kijivu."

"Sasa ukaziacha kwa nini?"

"Ulisema bluu."

Akanikazia macho. Nadhani hakuwa anakumbuka, au alikumbuka ndiyo ikawa mbaya zaidi.

"Mimi nilisema tu, jamani! Ungekuja na za kijivu ningefanyaje? Ningekurudisha Katubuka?"

Nilikuwa nimetembea soko zima jua kali, nimekataa kiatu kilichonibeba, kwa sababu ya neno ambalo mwenyewe alilisema tu. Nilimkasirikia kweli. Papo hapo nikaona kwamba na mimi sikurudi kumuuliza. Ningeweza kupita kwake kabla ya kununua nikasema, Mwenyekiti, za bluu hazifai, nichukue za kijivu? Ni nyumba ya nne kutoka kwangu. Sikupita, kwa kuwa nilitaka nionekane mtu anayetimiza. Hasira ikabaki katikati, haina pa kwenda.

Akavua sendo yake ya kushoto, akaniwekea mbele. "Jaribu hii."

Nikajaribu. Nilipiga hatua chache. Iliuma, ila haikuinama, na nikafikiri labda. Kisha nikamtazama yeye, amesimama kwenye jiwe kwa mguu mmoja kama korongo, sokwe wanapiga kelele tena, mbali zaidi kuliko mwanzo. Yeye ndiye anayechekwa na ndugu zake. Nikimng'ang'ania, tutawakosa sote.

"Vaa kiatu chako uende," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Nitashuka na huyu wa nyuma. Nenda, wanahama!"

Alisitasita, akavaa, akaenda. Hakugeuka, na nilipenda asigeuke. Mwongozaji wa nyuma, mtu wa adabu sana, aliniambia pole mama, tutashuka polepole, akanikatia fimbo. Kushuka kuliuma kuliko kupanda. Katikati ya njia tukasikia kelele kubwa juu, matawi yanavunjika, kisha kimya. Akasema, "Wamewapata." Alifurahi kwa ajili yao, halafu akanitazama akaona aibu kwa kufurahi. Nikamwambia hakuna neno. Neno lilikuwepo.

Walirudi mchana, wamelowa jasho, wanaongea wote kwa pamoja. Mwenyekiti akaja moja kwa moja kwangu na simu, akakaa mchangani, akanionyesha. Sokwe mama amekaa chini, mtoto kamng'ang'ania tumboni, na pembeni kuna bega la mmoja wetu, kitenge cha bluu.

"Umeona mkono wake? Umeona anavyomshika?"

Nikaona. Nikaishika simu karibu, nikaikuza kama alivyonionyesha. Mkono ulikuwa mweusi, mrefu, na ulikuwa umemshika mtoto kama sisi tunavyoshika. Alikuwa anangoja niseme kitu. Nilitaka kusema imependeza, lakini haikutoka. Nikasema picha inaonekana vizuri, ambayo ni kweli, nikamrudishia simu yake.