Kaka Yangu Alipopoteza Sauti

Nilimchukia kaka yangu kwa sababu ya koo lake. Alikuwa mtoto wa baba mkubwa, amenizidi miezi michache tu, na katika shule ya bweni ya misheni huko Ufipa, zama za Waingereza, ndiye aliyeimba peke yake kila Jumapili. Padri alimsomesha kwa ajili ya sauti ile. Mimi niliimba safu ya nyuma, na nisipokuja hakuna aliyegundua.

Kipupwe kimoja sauti yake ikaanza kumsaliti. Ilipanda vizuri, halafu ghafla ikakwaruza kama mlango mbovu. Leo wajukuu wangu wanaandika neno homoni kwenye madaftari yao na kuchora mishale. Sisi hatukuambiwa kitu. Yeye aliamini kwamba sauti ikiisha, na shule imekwisha. Akanivuta nyuma ya jiko, midomo imempasuka kwa baridi.

"Mdogo wangu, usimwambie mtu. Wakinirudisha, maisha yangu yataishia kwenye matuta ya ulezi."

Nikamwapia. Jumapili iliyofuata sauti ikamkatika katikati ya misa, kanisa limejaa. Wavulana wakacheka, mimi nikawashinda wote. Kisha nikamfuata padri sakristia, chumbani anakovulia mavazi ya misa, nikamwambia kaka alikunywa pombe kijijini jana yake.

Mlevi hakuwa na nafasi pale. Alichapwa viboko mbele yetu, na hakujitetea, maana angejitetea ingembidi aseme habari ya sauti. Akafunga blanketi lake, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumtunzia siri. Nikamwambia asijali.

Nafasi yake nikapewa mimi, na niliifurahia sana. Haukupita mwaka, sauti yangu nayo ikaanza kukwaruza. Nilikwenda kwa padri, nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ni mwili tu unakua, kila mwanamume hupita hapo, na kuanzia siku ile niimbe besi, ile sauti nzito ya wanaume. Halafu akairudisha miwani usoni.

"Hata ndugu yako ningemhamishia huko. Kwa nini yeye alikimbilia pombe?"

"Ndivyo alivyo, Baba," nikasema, nikaenda kusimama na wenzangu wa besi.