Nitilie Moshi

Jiko letu la Kwedizinga nililichora bila moshi kwa sababu siku ile hatukupika. Mama amekaa kwenye kigoda, sufuria imelala kifudifudi pembeni, mifupa ya mabega imemtokeza. Mwalimu wa sanaa alikuwa ametufundisha: unapaka nta kipande cha bati, unachora kwa mwiba wa mkonge, halafu kinatumbukizwa kwenye maji ya betri. Pale ulipokwaruza, asidi hiyo inakula bati. Ukipaka wino na kukandamiza karatasi, mistari ile ndiyo inatokea.

"Shida usiipambe," alisema mwalimu. "Acha mistari iwe myembamba, mikavu."

Niliipenda picha yangu, sitaficha. Jumamosi nikaipeleka nyumbani pamoja na bati lake. Mama aliiangalia, akaigusa kwa kidole ile sufuria iliyolala.

"Itabandikwa wapi?"

"Shuleni, siku ya wazazi."

"Shangazi yako atakuja?"

Shangazi ni dada wa marehemu baba, naishi kwake Masuguru, Korogwe, ili nisome. Tangu msibani alishasema kwamba mama akishindwa kulisha, atamchukua na mdogo wangu. Ndiyo maana mama huwasha moto hata siku ambazo hakuna cha kupika, majirani waone moshi, habari zisifike mjini.

"Futa hiyo sufuria."

"Mama, mstari ukishaliwa na asidi haufutiki."

"Basi nitilie moshi."

Nikachukua msumari, nikakwaruza bati lenyewe bila nta. Sikujua kwamba mkwaruzo wa hivyo huacha kingo zilizochongoka, na kingo hizo hushika wino mwingi. Nilipochapa tena shuleni, moshi ulitoka mweusi tii. Ulimeza sufuria, ukameza mifupa, na nusu ya uso wa mama.

Siku ya wazazi shangazi alisimama mbele ya picha, akacheka mpaka wenzangu wakageuka.

"Huyu si wifi? Anapika mpaka moshi unamtoa machozi! Na mimi nilivyokuwa nahangaika." Akanishika bega. "Lile gunia la mahindi nililowawekea, basi tena, nitaliuza. Si mnakula huko kwenu?"

Watu walikuwa wengi. Nilimfikiria mdogo wangu, anavyolala ameshika kanga ya mama. Nikaangalia viatu vyangu.

"Ndiyo, shangazi."