Redio Aliyoifunga Mume Wangu Kwenye Pikipiki

Kufikia Ijumaa jioni huwa sina sauti. Nafundisha watoto wadogo katika shule moja hapa Kakamega, darasa limejaa hadi wa nyuma wanaegemea ukuta, na mwalimu wa darasa kama hilo hasemi, anapaza. Nikifika nyumbani nataka chai, nataka kiti, na nataka mtu asiniulize chochote. Lakini Jumamosi asubuhi lazima twende Lugari kumwona mama mkwe wangu, na kwa muda mrefu safari hiyo ndiyo iliyokuwa mapumziko yangu.

Mume wangu aliendesha ambulansi karibu maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alinunua pikipiki kubwa ya safari ndefu, iliyokwisha kutumika, yenye kiti kipana cha nyuma, kiegemeo, na masanduku mawili ubavuni. Majirani walicheka wakasema mzee amenunua bodaboda yenye kitanda. Mimi nilikipenda kile kiti. Nilikuwa navaa helmeti, nafunga kioo chake, naegemea, na kutoka hapo mpaka shambani hakuna aliyeweza kuniita. Upepo ulivuma masikioni mfululizo mpaka ukawa kama kimya. Wakati mwingine nililia humo ndani, si kwa huzuni yoyote, kwa kuchoka tu, na kabla hatujafika Malava nilikuwa nimemaliza.

Kisha akaja na redio.

Ilikuwa redio ya mawasiliano, ile ya kubonyeza kitufe useme, uachie usikie, kama aliyokuwa nayo kwenye ambulansi. Yeye na mwenzake mmoja mstaafu, ambaye pia alikuwa na pikipiki kubwa, walikuwa wamekubaliana kila mmoja afunge ya kwake ili wawe wakiongea wakisafiri. Mwenzake akauza pikipiki kabla ya kufunga chochote. Mume wangu alikuwa ameshapata redio, ameshafuatilia kibali chake, na hakutaka kurudi nyuma.

“Si neno,” akaniambia. “Hii ina njia ya ndani pia. Mimi na wewe tutaongea.”

Aliifunga mwenyewe uani, Jumapili baada ya kanisa. Aling'oa kiti, akatoa vifuniko vya plastiki, akavipanga juu ya gunia. Redio yenyewe aliiweka ndani ya sanduku la kushoto, akaikaza kwa mikanda ya mpira isitikisike. Akavuta waya kutoka kwa betri, akaweka fyuzi, akasimamisha antena nyuma karibu na taa. Kitufe cha kusemea alikiweka kwenye usukani, pale kidole gumba chake cha kushoto kilipofika bila kutafuta. Ndani ya kila helmeti alibandika spika mbili bapa na maiki ndogo mbele ya mdomo; yangu ilisikika kila alipoachia kitufe. Mimi nilikuwa nampa spana na koleo.

Alipowasha injini, spika zikapiga mluzi uliopanda kila alipovuta mafuta. Akafungua tena kila kitu, akahamisha waya upande wa pili wa fremu. Mvua ikaanza. Tukaisukuma pikipiki chini ya paa la jiko, akaendelea kuchokora huko huku maji yakimchirizika mgongoni. Mluzi ulipopungua alinivalisha helmeti yangu, akaenda kukaa mbele, akabonyeza.

“Mwalimu, unaniskia?”

“Nakuskia.”

Aligeuka akanitazama. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu astaafu.

Jumamosi iliyofuata tulitoka Kakamega na sauti yake ikiwa ndani ya kichwa changu. “Tuta.” “Nakuskia.” “Ng'ombe kushoto.” “Nimemwona.” “Trekta ya miwa hiyo, tutaipita pale mbele.” “Sawa.” Alitangaza msitu, akatangaza Malava kana kwamba sikuwa na macho, akatangaza wingu. Ilikuwa sauti yake ya kazi, ya chini, isiyo na haraka, na labda ndiyo sababu wagonjwa walimpenda. Mimi nilijibu kila alichosema, kwa sababu nisipojibu alirudia. “Mwalimu? Unaniskia?” Tulipofika shambani kichwa kilikuwa kinaniuma kama niliyemaliza siku nzima darasani, na kazi ya Lugari ilikuwa haijaanza.

Kazi ya Lugari ilikuwa ni kupiga kelele. Mama mkwe wangu alikuwa ameanza kupoteza masikio miaka michache kabla, taratibu, na sasa ilibidi umwinamie na kumpigia ukelele ndipo akujibu. Anaishi na wifi yangu, mjane aliyerudi nyumbani kumtunza, na wifi yangu alikuwa amekonda kwa kazi hiyo. Tulikuwa tunaosha nguo, tunageuza godoro, tunampikia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga laini, na mambo yote hayo tuliyafanya kwa kupaza sauti. Mama alikuwa anatutazama midomo, anaitikia kwa kichwa, anasema, “Eee, sawa.” Kisha tunapanda pikipiki kurudi, na kabla ya lango, “Mwalimu, unaniskia?”

Nilivumilia wiki kadhaa. Siku niliyosema, tulikuwa Malava, tumejikinga mvua kwenye baraza ya duka lililofungwa. Alikuwa anafuta spika zangu kwa kitambaa, kwa uangalifu mkubwa, na utaratibu wake ule ndio uliofanya nishindwe kunyamaza.

“Baba, nikwambie kitu?”

“Niambie.”

“Hiyo redio inanichosha. Wiki nzima naongeleshwa na watoto. Nikifika kwa mama ni kelele. Hapa nyuma ndipo nilikuwa napumzika.”

Aliendelea kufuta kidogo. Kisha akakunja kile kitambaa.

“Ungesema mapema.”

“Nasema sasa.”

“Nyumbani hatuongei,” akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatazama lori lililokuwa linapita na kutapanya maji. “Unarudi umechoka, unakula, unalala. Sikulaumu. Lakini kwenye ile ambulansi, hata saa ambazo hakuna mgonjwa, kulikuwa na mtu redioni ananiuliza uko wapi. Siku hizi hakuna anayeniuliza niko wapi.”

Alichosema kilikuwa kweli, na nilichosema mimi kilikuwa kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nguvu za kumbeba mwenzake. Mvua ilipopungua alichomoa waya wa helmeti yangu, akauviringa, akautia sandukuni. Tukaenda Lugari bila neno. Nilikuwa nimepata kimya changu, na sikukifurahia hata kidogo.

Wifi yangu alitupokea langoni. Alikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa, anaongea kwa mnong'ono.

“Mama amekataa kula,” akasema. “Tangu jana. Anasema tunamsengenya. Siwezi kupiga kelele, basi naongea polepole, na yeye anaona midomo inacheza. Anasema tunamficha mambo.”

Tuliingia. Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo ameupa ukuta, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri kama mtu anayengoja wageni. Mume wangu aliinama akamsalimu kwa ukelele. Mama alimtazama, akageuza uso. Mwanawe akajaribu tena. Nikajaribu mimi, na sauti yangu ikakatika katikati, ikatoka kama ya jogoo mchanga. Wifi yangu alikaa chini mlangoni, akaegemeza kichwa kwenye fremu.

Mume wangu akatoka nje. Nilidhani amekwenda kupumua. Nikasikia pikipiki ikisukumwa, matairi yakisaga changarawe, mpaka ikafika ukingoni mwa baraza. Alirudi akamshika mama chini ya kwapa, mimi nikamshika upande wa pili, tukamkalisha kwenye kiti barazani, karibu na pikipiki kadiri waya ulivyoruhusu. Akachukua helmeti yangu, akachomeka waya, akamvalisha polepole. Ilikuwa kubwa kwake. Ilimfanya aonekane mdogo sana, mikono yake miwili imelala mapajani, kioo kimefunuliwa.

“Utamtisha,” nikasema.

Aliongeza sauti ya redio mpaka mwisho, akavaa helmeti yake, akabonyeza kitufe. Kisha akamwita mama yake, kwa ile sauti ya chini ya kazini, kwa Kiluhya, bila kupaza hata kidogo.

Mama aliinua kichwa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama mwanawe.

“Ni wewe?”

“Ni mimi, mama.”

“Mbona umekaa mbali hivyo na nakusikia?”

Wifi yangu alisimama kutoka pale mlangoni. Mume wangu alimuuliza mama kuhusu goti, dawa, usingizi. Akajibu kila kitu kwa mpangilio. Akalalamika kwamba chai ya siku hizi haina maziwa. Akauliza mahindi ya shamba la chini yamefika wapi. Ilikuwa kama mtu aliyerudi kutoka safari na kukuta nyumba bado ipo. Mimi nilikuwa nacheka na kujifuta macho.

Ndipo akauliza, “Na dada yangu wa Matungu? Mbona haji kuniona? Nimemkosea nini?”

Mume wangu aliachia kitufe. Alinitazama, akamtazama dada yake.

Dada huyo wa Matungu alikuwa amefariki miezi kadhaa iliyopita. Tulikuwa tumeingia kwake sote watatu kumwambia. Tulimpigia kelele ile habari kitandani pake, mume wangu kwanza, kisha mimi, na yeye alitutazama midomo, akaitikia kwa kichwa, akasema, “Eee, sawa.” Tulikwenda mazishini bila yeye kwa sababu hakuweza safari, na njiani tulisifu jinsi alivyokuwa jasiri.

“Mwambie,” wifi yangu akanong'ona.

Alirudisha kidole juu ya kitufe. Kisha akabonyeza, akamwambia. Hakuzungusha. Alisema mama mkubwa alikuwa ameugua kifua, kwamba alikufa akiwa na watoto wake, kwamba walimzika vizuri. Alisema tulikuja kukwambia, mama, na tulidhani umesikia. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Mimi niliyesimama kando nilisikia maneno hayo kama ya mtu anayesoma kwa utulivu.

Mama alilia ndani ya ile helmeti. Wifi yangu alitaka kumvua, mama akamzuia kwa mkono.

“Niacheni nayo.”

Tukamwacha. Kuku walipita kati ya miguu yetu. Baadaye mama alisema, “Mwalimu yuko wapi?”

Mume wangu alivua helmeti yake akanipa. Ilikuwa na joto la kichwa chake. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo sijawahi kukaa, akaniwekea kidole changu kwenye kitufe.

“Niko hapa, mama.”

“Siku ile mliingia watatu. Niliona mmevaa vizuri. Nikaona midomo yenu.” Akapumua, na pumzi yake ikanijaa masikioni. “Nikasema sawa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuuliza nini, nini, nini. Kila siku nawauliza nini. Naona mnavyochoka. Basi nasema sawa.”

Nilibonyeza kitufe, nikakiachia. Alisikia kwamba nimebonyeza.

“Wewe pia umechoka,” akasema.

Katika miaka yote niliyokuwa mke wa nyumba ile, nilikuwa nimemjibu mama mkwe wangu vizuri, kwa heshima, na karibu kila jibu lilikuwa kwamba mimi ni mzima. Sasa nikabonyeza tena. “Ndiyo, mama. Nimechoka sana.”

“Eee.” Safari hii alikuwa amesikia. “Mimi pia, mwanangu.”

Tulikaa hivyo, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye pikipiki, helmeti vichwani, mpaka wifi yangu akaleta uji. Mama akakubali kuvuliwa, akanywa wote.

Hatungeweza kumvalisha helmeti mtu mgonjwa kila siku, wala pikipiki haikuweza kuhamia Lugari. Tulimleta mjini kwa daktari wa masikio, akapewa kifaa kidogo cha kuvaa. Siku nyingine anakivaa, siku nyingine anakitoa akisema kinamletea kelele za sahani tu. Sisi tunaendelea kwenda Jumamosi. Mume wangu haongei tena mfululizo njia nzima. Tukianza safari ananiuliza kwanza kama nataka redio, nami namwambia ukweli, na mara nyingi ukweli ni hapana. Lakini jioni tukila, hata nikiwa nimechoka vipi, namuuliza alikuwa wapi siku hiyo. Hunieleza kirefu. Wakati mwingine nasinzia kabla hajamaliza, na hilo hanilaumu.

Kitu pekee mama alichoomba baada ya siku ile ni kupelekwa Matungu. Tulikodi gari, kwa sababu pikipiki haikuwezekana, tukamweka kiti cha mbele na mto mgongoni. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, na miwa ya jirani ilikuwa imekua mpaka karibu yake, ikisuguana kwa upepo. Watoto wa marehemu walitaka kumshika, akawakataza. Alisimama akiwa ameniegemea mimi, uzito wake wote begani mwangu, akamsalimu dada yake kama mtu aliyemkuta ameketi uani, akamuuliza habari za nyumbani, akanyamaza kama anayengoja zamu ya mwenzake kusema. Sijui kama alikuwa na kile kifaa sikioni. Sikumuuliza.

Alisimama mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Kisha akasema basi, twendeni. Tulipofika Mumias alikuwa amelala, mdomo wazi, na mume wangu alikuwa anaendesha polepole ili asimwamshe. Nami nikaweka kichwa kwenye kioo cha dirisha, nikalala pia.