Kaseti ya Ng'ambo ya Mto

Watu husema nina kinyongo. Ni kweli ninacho, na ninakitunza vizuri kuliko ninavyotunza viatu vyangu. Anayekistahili ni mkuu wa shule niliyefanya naye kazi upande wa Ndalambo, miaka ile shule za sekondari za kata zilipoanza kufunguliwa kila mahali. Sisemi jina lake. Akiyasoma haya atajijua.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu wa kidato cha kwanza na cha pili. Baadhi ya wanafunzi wangu walitoka ng'ambo ya mto Momba. Kiangazi walivuka wenyewe, viatu mkononi, wakafika darasani wakicheka na miguu imelowa. Mvua zikikolea, mto ulijaa, miti tuliyoilaza kama daraja ikasombwa, nao wakabaki kwao hadi maji yapungue. Alikuwepo mzee mwenye mtumbwi, lakini hakuvusha watoto tena tangu maji yalipomchukua mtoto wa dada yake. Alivusha chumvi, sabuni, na watu wazima wenye haraka zao. Mtoto hakumpakia hata kama ungempigia magoti.

Mkuu alikuwa na jina moja la watoto hao: watoro. Shule ilikuwa ikisubiri mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na yeye alitaka matokeo ya kumpendeza afisa elimu. Watoto waliokosa vipindi msimu mzima wangemharibia sura. Dawa yake ilikuwa kuwafuta kabla ya kuwasajili.

Kati yao kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Mwembamba, mkimya, na kwenye hesabu alikuwa moto. Baba yake alilima ulezi na mahindi. Kabla mto haujajaa alinifuata hadi nyumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukichosha.

"Mwalimu, mimi nataka asome," aliniambia. "Ila wakimfuta, sina la kuwaambia ndugu zangu. Shangazi yake wa Tunduma anamtaka dukani, na kuna mtu huko ameshaanza kumuulizia. Mtu mzima, ana wake wawili."

Nilimwambia asimpeleke popote, anipe mvua hizi tu. Akaondoka, mimi nikabaki najiuliza nitafundishaje watoto nisiowaona.

Jibu lilikuwa kwenye kabati la ofisi ya walimu: redio kaseti ya shule, iliyokaa bila kazi tangu iletwe. Sokoni Tunduma nilinunua kaseti kuukuu za kwaya, nikaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi ili zikubali kurekodiwa upya. Mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula, nilifunga mlango, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kufundisha ukuta. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nilizoea, nikawa hata naugombeza ukuta kwa kutosikiliza.

Mzee wa mtumbwi alizivusha kaseti ndani ya mfuko wa nailoni, akiwa amezificha kwenye kofia. Ng'ambo, watoto walikusanyika barazani kwa baba wa yule binti kuzunguka redio yake. Waliandika majibu kwenye madaftari, yakarudi kwa kofia ileile, nikasahihisha, nikayarudisha. Maji yakipungua kidogo walivuka wenyewe kuja kuniuliza walipokwama, kisha wakarudi mbio kabla mvua haijanyesha tena.

Tatizo lilikuwa betri. Mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo walifanya tunavyofanya sote: wakazianika juani, wakazigongagonga kwa jiwe, wakazirudisha. Betri za kuanikwa zinaanza vizuri, halafu zinachoka katikati ya somo, na sauti yangu ikawa inavutika kama mtu aliyelewa pombe ya ulezi. Wao hawakujali. Waliisikiliza hivyohivyo mara nyingi kiasi kwamba waliisema pamoja nami, pamoja na jogoo wa mlinzi aliyewika katikati ya masomo.

Siku niliyorekodi somo la milinganyo, Mkuu alifungua mlango bila kubisha. Aliiona redio. Aliona kaseti inazunguka. Akakohoa kile kikohozi chake cha kusafishia koo kabla ya kutoa amri, akasema, "Madam, usijichoshe na watoto wa ng'ambo. Wale ni wa jembe tu."

Akafunga mlango, akaenda zake.

Hasira ilinipanda. Mimi mwenyewe ni mtoto wa jembe. Mama yangu alichuma kahawa ya watu Igamba ili mimi nishike chaki. Ningeweza kurudisha utepe nyuma na kulifuta neno lile. Kidole changu kilifika hadi kwenye kitufe. Nikakiondoa. Nikaendelea na somo kwa sauti ileile, na kaseti ikavuka mto ikiwa na Mkuu ndani yake. Nilifanya makusudi, na hadi leo nikikumbuka najipongeza.

Mvua zilipokatika tukaitwa kwenye kikao cha wazazi, chini ya bati la darasa lisilokamilika. Wa ng'ambo walivuka na watoto wao, wamevaa sare zilizopigwa pasi ya mkaa. Mkuu alisimama, akatangaza kwamba watoro wote wameondolewa na hawatasajiliwa kwa mtihani. Akasema inamuuma sana. Alisema hivyo, inamuuma!

Baba wa yule binti alinyanyuka na redio yake kwapani. "Mkuu, hawa walisoma. Na ulilosema juu yao tumelisikia. Limo humu."

Mkuu akacheka, akanyoosha mkono. "Hebu nione hiyo kaseti."

Yule baba, kwa heshima aliyolelewa nayo, akaitoa na kumkabidhi kwa mikono miwili. Mkuu aliingiza kidole, akauvuta utepe wote nje, akaumwaga chini kwenye vumbi. "Mtu yeyote anaweza kurekodi upuuzi," alisema. "Tuendelee na ajenda."

Baba wa watu alibaki ameshika redio tupu. Nilisimama nijibu, na hapo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Namba ikivuka alama ya usawa, inabadilika. Kama ilikuwa ya kujumlisha, sasa unaitoa."

Alikuwa yule binti. Hakuwa anamjibu mtu, alikuwa anasema somo. Mapumziko yangu aliyaweka palepale nilipopumzika. Wenzake wakaungana naye mmoja mmoja, mlinganyo wa kwanza, wa pili. Mmoja akawika kama jogoo, mahali pake hasa, na wazazi wakaguna kwa kicheko. Mkuu alipiga meza, "Kimya!" Hawakumsikia. Walikuwa wamefika pale betri zinapoanza kuchoka, na sauti zao zikaanza kuvutika zote kwa pamoja. Wakagonga ubao wa dawati kuonyesha mlango unafunguka. Wakakohoa.

"Maaadam, usijichooshe na watoto wa ng'aaambo. Waaale ni waaa jeeembe tuuu."

Halafu wakaendelea na mlinganyo wa tatu, wakautatua hadi jibu.

Hakuna aliyeuliza sauti ile ilikuwa ya nani. Kikohozi kile kila mtu alikijua. Mkuu alinywea, jasho likamtoka, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Mwenyekiti wa bodi, mzee asiyependa maneno mengi, alimgeukia. "Mkuu," alisema, "mtoro gani anajua somo hivi? Warudishe. Leo hii, nikiwa hapa."

Alirudisha majina mbele yetu sote. Binti alifanya mtihani na akafaulu, akaingia kidato cha tatu, na shangazi wa Tunduma akatafuta muuzaji mwingine. Mkuu alibaki na jina jipya, Betri. Hakupita mahali bila kusikia mtoto akivuta maneno nyuma ya ukuta. Mwisho aliomba uhamisho mwenyewe. Mimi nilimchangia sherehe ya kumuaga, nikala pilau sahani mbili.

Miaka baadaye nilikutana naye Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Amestaafu, amekonda. Alinipa mkono. "Madam, ilikuwa kazi tu ile. Yale yameshakwisha, au siyo?"

Mkono niliupokea, maana watu walikuwa wanatazama na nimelelewa. Nilikwenda nyumbani.

Ule utepe niliuokota siku ileile ya kikao. Niliufuta vumbi kwa kanga, nikaurudisha ndani kwa kuzungusha kalamu ya bik, na palipokatika nikaunga kwa selotepu. Bado unalia. Kila ninapoona moyo unaanza kulainika juu ya Mkuu, naiweka kaseti ile, nakaa, nasikiliza mpaka mlango ufunguke. Betri nanunua mpya.