Baba Yangu na Wamarekani Wasioamini

Harufu ya tangawizi ikichemka kwenye maziwa hunirudisha mpaka leo katika fleti yetu ya Braamfontein, Johannesburg, Jumapili alasiri, Wakenya wa ushirika wa Mama wakiwa wamejazana sebuleni kwa maombi na Baba amejifungia jikoni anapika chai. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alifanya kazi benki na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika. Baba alifundisha historia chuo kikuu na hakuamini Mungu. Huko kutoamini hakukurithi, maana baba yake, babu yangu, alikuwa mchungaji Kakamega, tena mkali. Alikuokota vitabuni, kwa Wamarekani wa karne ya kumi na tisa waliozunguka miji wakiihoji dini kwenye kumbi zilizofurika. "Hebu fikiria, Imani," aliniambia huku akiponda tangawizi, "watu walilipa kiingilio kwenda kuambiwa hakuna jehanamu!" Jina langu alilichagua Mama, bila shaka, na ndiyo sababu mtu pekee asiyeamini katika jengo lile aliitwa Baba Imani.

Ombi la mwisho kila Jumapili lilikuwa la kumwombea Baba. Mzee Kariuki, mwenye sauti ya kutikisa madirisha, alinguruma: "Bwana, mguse huyo aliye jikoni!" Na kutoka jikoni ikajibu sauti ya upole: "Nani hatumii sukari?" Baba alikuwa na sheria moja aliyoichukua kwa Wamarekani wake: usiseme usichokiamini, hata kwa adabu. Basi mezani hakusema amina, alimshukuru aliyepika. Mama alimwambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, naye akajibu kwamba hata Idi hasherehekei.

Kipupwe cha mwaka ule Mama Achieng, nesi aliyekaa Hillbrow, alifiwa na kaka yake wa pekee huko Siaya. Tiketi haikupatikana, wakamzika bila yeye. Mama akaita watu wote nyumbani kwetu ili marehemu aagwe angalau sebuleni. Siku hiyohiyo madereva wa teksi wakagoma, na mhubiri akakwama Pretoria. Tuliimba nyimbo zote tulizozijua, kisha tukaimba zile tunazojua kiitikio tu. Mama Achieng alikaa kwenye kochi na picha ya kaka yake mapajani, macho makavu. Tangu apate habari hakuwa amelia, na hilo ndilo lililowatisha watu wazima.

Mama akaingia jikoni, nilikokuwa nikipanga vikombe. "Baba Imani, nenda ukaseme neno."

"Mama Imani, siwezi kusema nisichokiamini."

"Basi sema unachokiamini! Lakini ukinitia aibu leo, chai utakunywa peke yako mpaka Krismasi."

Baba akatoka na kitabu chake cheusi, aproni bado kiunoni. Alisoma, akitafsiri papo hapo, hotuba ya mmoja wa Wamarekani wale mbele ya jeneza la kaka yake mwenyewe. Haikumwahidi mtu mbingu. Ilieleza tu jinsi kaka yule alivyopendwa, na kwamba aliyependwa hivyo hakuishi bure. Katikati sauti ya Baba ikakatika. Ndipo Mama Achieng akalia, akalia kwa sauti, wanawake wakamkumbatia, na sebule nzima ikaitikia amina.

Mzee Kariuki akasimama. "Baba Imani, Bwana amekugusa! Na huyo mtumishi alikuwa wa dhehebu gani?"

Eish! Akisema kweli, faraja ya Mama Achieng itamchachia mdomoni, na Mama ataaibika mbele ya watu wake. Akidanganya, atakuwa amevunja sheria yake ya pekee, na mimi nipo namtazama. Mama alifumba macho. Baba akavua miwani, akaifuta kwa aproni, taratibu mno.

"Baba yake alikuwa mchungaji," akasema. Na kweli alikuwa.

"Ndiyo maana!" akanguruma Mzee Kariuki. "Maji hufuata mkondo!" Mama akashikwa na kikohozi cha ghafla, akakimbilia jikoni. Nilimkuta ameegemea friji, anacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo hapakuwa na msiba ambao Baba hakuitwa, na Mama Achieng aliazima kile kitabu, asikirudishe.

Mwaka jana tulimzika Baba hapahapa Johannesburg. Siku hizi watu hawajazani tena sebuleni kwa mtu. Pole nyingi zilikuja kwa simu, vile vikaragosi vya mikono iliyofumbatana, na wanangu wananijibu Kizulu nikiwasemesha Kiswahili. Lakini Mama Achieng alikuja na mkongojo wake, kitabu cheusi kwapani, akasoma hotuba ileile kando ya kaburi. Nililia kama yeye alivyolia. Mchungaji kijana, mgeni kwetu, akajifuta macho, akamwinamia Mama na kumuuliza marehemu alikuwa wa dhehebu gani.

Mama, aliyemwombea mtu yule maisha yake yote, akaweka kilemba sawa.

"Baba yake alikuwa mchungaji," akasema.